Krediti Kukubaliwa na Krediti Kuhesabiwa Ni Mambo Mawili

Mwanafunzi anayekusudia kuhama programu moja ya shahada kwenda nyingine huuliza kwanza ni krediti ngapi, yaani vipimo vya kiasi cha masomo aliyokwisha kuyasoma, zitakubaliwa. Nami niliuliza hivyo hivyo nilipotoka uhandisi kwenda uchumi, nikajibiwa kwamba zimekubaliwa 48, nikafurahi. Miezi miwili baadaye ndipo nilipogundua kwamba 30 kati ya hizo zimewekwa kwenye fungu la masomo ya hiari, ambalo katika programu mpya lilihitaji 12 tu. Zile 18 zilizozidi zilibaki kwenye hati ya matokeo kama pambo, zikionekana bila kunipunguzia hata somo moja la lazima.

Kwa hiyo uliza kila krediti itachukua nafasi ya somo gani. Omba jibu kwa maandishi, somo kwa somo, kutoka idara inayokupokea, kwa kuwa ahadi ya mdomo, hata ya mhadhiri mkarimu, haina nguvu mbele ya kamati inayoamua uhamisho wa krediti.

Uamuzi wenyewe haufuati jina la somo. Nilikuwa na somo la takwimu ambalo sikulitilia shaka kabisa, likakataliwa kwa sababu muhtasari niliowasilisha ulikuwa aya moja tu iliyonakiliwa kutoka kitabu cha mwongozo cha chuo. Nilimwandikia aliyenifundisha, akanitumia mpango kamili wa wiki 14 wenye mada za kila wiki, saa za mihadhara na za mazoezi, kitabu cha kiada na uzito wa mtihani wa mwisho. Mstari wa wiki ya 9, uliotaja upimaji wa nadharia tete, ndio ambao kamati ilikuwa ikiutafuta, na somo likakubaliwa badala ya lile la lazima la mwaka wa pili. Tunza mihtasari yako tangu muhula wa kwanza, hata kama huna nia ya kuhama, maana mitaala hubadilishwa na matoleo ya zamani huwa vigumu kupatikana.

Anayevuka mpaka wa nchi ana kazi ya ziada. Katika mfumo wa Ulaya wa ECTS, mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, kila moja ikiwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Uingereza mwaka kama huo huhesabiwa krediti 120, na Marekani kwa kawaida takriban 30. Usilinganishe tarakimu kabla hujalinganisha saa.

Kuhusu alama, vyuo vingi hupokea krediti bila kupokea alama zake, hivyo wastani huanza upya. Kwangu ilikuwa nafuu, sitaficha. Kwa mwenye alama za juu ni hasara.

Kabla ya kusaini fomu, chora mfuatano wa masomo yaliyobaki, uone lipi linatangulia lipi na linafundishwa muhula gani. Somo moja la msingi linalotolewa mara moja kwa mwaka linaweza kukuchelewesha mwaka mzima, hata kama krediti zako zote zimepokelewa.