Maumivu ya akili na ombi la kusaidiwa kufa

Mkuu umeuliza kama mgonjwa wa kansa anaruhusiwa kusaidiwa kufa baadhi ya nchi, kwa nini anayeteseka kiakili anyimwe. Swali zito, na mi siwezi kusema maumivu ya akili ni madogo, yanatesa kweli. Uholanzi Mahakama ya Juu ilishakubali 1994 kwamba chanzo cha mateso si lazima kiwe mwilini, na Ubelgiji sheria ya 2002 inaruhusu pia, ila kama kifo hakiko karibu lazima madaktari wengine wawili watoe maoni na upite angalau mwezi mzima.

Kinachonisumbua ni hiki, kansa iliyosambaa daktari anaweza kukuambia inaelekea wapi, sonona (depression, ugonjwa wa huzuni kali ya muda mrefu) ni ngumu sana kutabiri, kuna watu wameumwa miaka na miaka afu wakapata nafuu, na ugonjwa wenyewe ndo unaomwambia mtu hakuna kesho, sasa anayeomba ni yeye au ni ugonjwa? Kanada walisogeza mbele hadi 2027 kuanza kuwaruhusu wenye ugonjwa wa akili peke yake. Na asiye na ugonjwa ila amechoka tu kuishi, mahakama ileile ya Uholanzi ilikataa 2002, nami nakubaliana nayo kabisa, maana upweke na kujiona mzigo ni vitu ambavyo sisi wengine tunaweza kuvipunguza.

Simwiti anayeomba hivyo mwoga, hapana. Na kama swali linakuhusu wewe mwenyewe, nicheki inboksi hata saa hii, na mwambie mtu wako wa karibu leoleo.