Kwa Furaha, kuhusu visanduku na mishale

Bukavu, Kadutu

Mwanangu Furaha,

Ujumbe wako umefika. Unauliza: “Papa, hii nadharia ya mifumo, ya kuchora visanduku na mishale kuonyesha jinsi mambo yanavyoathiriana, ni sayansi ya kweli ao ni maneno makubwa tu?” Mwalimu wako wa ikolojia anataka uifanye msingi wa memwari, ile kazi yako ya utafiti ya chuo, kwa kuwa, asemavyo, inaunganisha sayansi zote. Yule wa samaki anacheka kila akiisikia. Umeniuliza mimi kwa sababu nilifundisha biolojia miaka mingi. Ungemuuliza mama yako ungepata jibu fupi zaidi, na sababu utaiona huko mbele.

Nianze na huyo anayecheka. Muulize kwa heshima: sambaza, yule samaki mdogo wa ziwa Kivu, akipimwa ukuaji wake, wanatumia mlinganyo gani? Atakujibu bila kufikiri kuwa ni ule wa von Bertalanffy, maana wapimaji wa samaki dunia nzima wanautumia. Basi Ludwig von Bertalanffy huyohuyo, mbiolojia aliyezaliwa karibu na Vienna mwaka 1901, ndiye baba wa hiyo nadharia inayomchekesha. Na mlinganyo wenyewe umebeba wazo zima ukiutazama vizuri. Samaki anajenga mwili kwa vinavyopita kwenye nyuso zake, utumbo na matamvua, na nyuso zinaongezeka kwa kipeo cha pili cha urefu. Matumizi yake yanafuata uzito, na uzito unaongezeka kwa kipeo cha tatu cha urefu. Kwa hiyo sambaza mdogo anarefuka haraka, kisha kila sentimita inachelewa kuliko iliyotangulia, hadi kinachojenga na kinachobomoa vinalingana. Hapo anabaki na urefu wake, ingawa nyama yake inabadilishwa kila siku. Huo ndio mfumo wazi: vitu vinaingia, vitu vinatoka, umbo linadumu. Mwaka 1950 aliandika kwamba fizikia ya mifumo iliyofungwa, isiyoingiza wala kutoa kitu, haitoshi kueleza kiumbe hai, na mwaka 1968 akalikusanya wazo hilo kwenye kitabu chake, General System Theory.

Hakuwa peke yake. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Marekani, alishaonyesha mwaka 1932 jinsi mwili unavyoshika joto lake na sukari yake mahali pamoja. Norbert Wiener, mwanahisabati, alijikuta wakati wa vita anashughulika na mizinga ya kutungua ndege, akaona kwamba mzinga unaojisahihisha na mkono unaofuata kalamu vina hesabu moja. Kitabu chake kikatoka mwaka 1948. Kisha mkemia Ilya Prigogine, pale Brussels, alionyesha kuwa mtiririko wenyewe unaweza kuzaa mpangilio pale mambo yanapokuwa mbali na utulivu. Alipata Nobel ya kemia mwaka 1977. Kwa hiyo mtu asikuambie ni maneno matupu.

Lakini mchumi mmoja wa kundi lao, Kenneth Boulding, aliandika mwaka 1956 onyo ambalo ningelibandika kwenye mlango wa kila chuo: ukitaka kusema jambo moja juu ya karibu kila kitu, utajikuta husemi karibu chochote. Na huyo alikuwa rafiki wa nadharia!

Sasa swali ambalo hukuuliza. Unajua neno langu, wewe na yaya yako, mkubwa wako, mlikuwa mkiliigiza mezani mkidhani sisikii: kabla ya mishale, onyesha mstari. Nani amechora mpaka wa huo mfumo, na nani amebaki nje?

Ulikuwa mdogo siku ya mkutano wa takataka za mto Kawa, ulibaki nyumbani na koko wako. Mgeni wa shirika fulani alileta karatasi kubwa, akaibandika kwenye ukuta wa ukumbi. Furaha, sijaona mchoro mzuri kama ule. Umeme ukikatika, watu wanawasha mbabula, yale majiko. Mbabula zinataka makala, yaani makaa. Makala yanatoka kwenye miti ya vilima. Kilima kikibaki uchi, mvua inateremsha udongo. Udongo na chupa za plastiki vinaingia Kawa, Kawa inavimwaga ziwani Kivu, ziwa linavisogeza hadi pale mto Ruzizi unapotokea. Pale kwenye bwawa la kwanza, lile la mwishoni mwa miaka ya 1950, uchafu unaziba njia ya maji, mashine zinasimama, umeme unakatika. Mshale wa mwisho ukarudi kwenye kisanduku cha kwanza. Miaka yote nilikuwa nahangaika kuwaeleza wanafunzi mrejesho unaochochea, yaani matokeo yanayorudi kukuza chanzo chake, tofauti na ule unaotuliza kama wa sukari kwenye damu, na mifano ya vitabuni ilikuwa ya mitambo ya joto ya Ulaya, ambayo hakuna mtoto wa Kadutu aliyewahi kuigusa. Na sasa huu hapa, unaanzia jikoni kwetu. Niliunakili wote kwenye daftari la maandalizi. Ninalo bado.

Kisanduku kimoja kilikuwa cha wino mwekundu: WAUZA MAKALA. Mama yako alikuwa benchi la pili. Alikuja moja kwa moja kutoka kwenye meza yake ya kando ya barabara, kucha nyeusi, na ile ndoo ya rangi aliyokuwa akipimia, yenye kitako kilichobonyea ambacho wateja walikuwa wakikilalamikia, ameiweka kati ya miguu. Akainua mkono. “Hicho kisanduku ni mimi. Naona mshale unaoingia na unaotoka. Minervali, karo ya watoto wangu, imeandikwa wapi?”

Mgeni alimjibu kwa upole, na ni ule upole unaoniuma mpaka leo: “Mama, hiyo iko nje ya mfumo.”

Ukumbi ukacheka. Mama yako akakaa, akanyoosha kitenge magotini. Njiani kurudi alizungumzia bei ya mihogo tu. Mshahara wa mwalimu siku zile ulikuwa unakuja unapotaka, na minervali yako wewe, hadi darasa la sita, ilitoka kwenye ndoo ile. Nje ya mfumo!

Najua utasema nini, maana nimejiambia mwenyewe mara nyingi nikiwa kitandani. Kila mchoro lazima uishie mahali. Mchoro usioacha kitu nje ungekuwa mkubwa kama Bukavu yenyewe, na usingemsaidia mtu. Yule kijana alikuja kwa ajili ya takataka, hakuja kwa ajili ya shule. Je, angeweka na bei ya vitabu? Na harusi? Sawa. Lakini angalia kilichotokea baadaye. Mkutano ulikubali meza za makala ziondolewe kando ya barabara. Zikaondolewa. Makala yakaingia ndani ya nyumba, yakauzwa jioni kwa mlango wa nyuma, kwa bei ya juu, na magunia yaliendelea kushuka kutoka upande wa mji wa Miti kama zamani. Mshale uliokataliwa ukutani ulikuwepo mtaani, ukafanya kazi yake.

Na anayeeleza vizuri kwa nini ilikuwa hivyo ni mtu wa nadharia hiyohiyo. Ross Ashby, daktari wa akili wa Uingereza, aliandika mwaka 1956 kwamba anayetaka kutawala kitu lazima awe na majibu ya namna nyingi angalau kama namna ambazo kitu hicho kinaweza kubadilika. Mkutano wetu ulikuwa na jibu moja: ondoa meza. Wauza makala walikuwa na njia kumi. Kwa hiyo hapo ndipo ninapobishana na nafsi yangu. Nikimkasirikia yule mgeni, silaha ya kumjibu naitoa kwenye kabati lake. Nadharia haikumkosea mama yako. Mchoraji ndiye aliyemkosea. Hapana, hata hilo si kweli lote, kwa sababu mishale na visanduku vinampa mchoraji sauti ya mtu aliyeona kila kitu, na sauti hiyo ndiyo iliyochekesha ukumbi. Mwalimu wa samaki anayesema “mimi najua samaki tu” hana hatari hiyo.

Ila naye ana yake. Sambaza si mwenyeji wa Kivu, unajua. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa katikati ya ziwa letu hapakuwa na samaki wa kula vile vijidudu vinavyoelea. Alivila kweli, hata aina moja kubwa ya dafnia, mmoja wa vijidudu hivyo, ikatoweka. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa vijidudu hivyo aliuliza kwa maandishi kama hilo halikuwa janga jingine la mazingira la Afrika, kwamba samaki atamaliza chakula chake kisha uvuvi uanguke. Haukuanguka. Usiku bado unaona taa za wavuvi pale ziwani, na bugali na sambaza bado ni chakula chetu. Aliyetazama kiungo kimoja alitabiri vibaya. Lakini nani aliyetazama vyote akatabiri vizuri? Simjui.

Kwa hiyo kama uandike memwari juu ya mifumo au juu ya sambaza peke yake, hilo ni lako na walimu wako. Mama yako anasema nikuache. Nakuacha. Mimi ningechukua sambaza, mlinganyo, vipimo vya kweli vya urefu na uzito, kisha katika sura ya mwisho tu ningethubutu kuchora mishale. Lakini sikusema kitu.

Pesa ya kuchapisha mama yako atakutumia kwa simu Jumamosi, akimaliza soko. Na sura ya kwanza niletee mimi kabla hujampa mtu yeyote, nione mstari umeupitisha wapi upande wa kusini. Wengi wanaukata pale bwawani, wakati mto Ruzizi unapita Kamanyola na tambarare yote hadi Tanganyika, na watu wa Uvira wanapokea kila tunachoachilia huku juu.

Papa