Mkono Mmoja wa Ukili kwa Siku

Mkeka wanaoulalia wanangu mchana nimeusuka mwenyewe. Ni pima 24 za ukili, ule utepe wa ukindu (majani ya mkindu) unaosukwa kwanza kisha ukashonwa kuwa mkeka, na kila pima ilinichukua siku nne, nyingine hata tano. Sikuwahi kupata siku nzima ya kukaa chini kusuka mkeka, na hadi leo siipati. Huu umesukwa kituoni nikisubiri daladala, jikoni maharage yakiwa motoni, na barazani watoto wakifanya hesabu zao. Mwaka huohuo ndio nilioanza kutembea kwa miguu kila siku ya kazi, na mambo haya mawili yamebebana kiasi kwamba nikieleza moja lazima nitaje na la pili.

Mimi ni karani wa hesabu kwenye duka la jumla, chini kule karibu na stesheni ya Kigoma. Nyumbani ni Ujiji. Asubuhi napanda daladala, nashuka mlangoni mwa kazi, nakaa kwenye kiti mpaka jioni, napanda daladala tena, nashuka karibu na nyumbani. Ukizijumlisha hatua zangu za siku nzima wakati ule, nyingi zilikuwa za kwenda chooni na kurudi. Mgongo ukaanza kuuma. Nilipokwenda kupima, presha ilisoma 146 kwa 94. Muuguzi akanipumzisha, akanipima tena, haikushuka sana. Akaniuliza kazi yangu ni ipi, nikamwambia. Akasema, "Mama, unakaa mno."

Nilitoka pale na hofu, na hofu ikanifanya niamue mambo makubwa kwa siku moja. Nilinunua raba. Nikaamua kukimbia kila alfajiri, saa kumi na moja. Wiki hiyohiyo, kwa kuwa nilitaka pia kitu cha kutuliza akili, nikanunua nyuzi za kufuma vitambaa vya seti nzima ya makochi. Mbio zilidumu siku tisa. Siku ya tisa goti la kulia lilivimba, nikakaa wiki mbili nikichechemea. Vitambaa havikufika hata kimoja. Nyuzi zipo kabatini mpaka sasa, na kwa miezi mingi kila nilipofungua kabati zilinisuta.

Kuna jambo moja kuhusu alfajiri ambalo watu wa huku tunapaswa kuambizana. Ushauri mwingi wa mazoezi tunaousoma, wa kuamka saa kumi na moja, umeandikwa na watu wa Dar es Salaam au wa mbali zaidi. Saa zetu na zao ni moja, lakini jua si moja. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, kwa hiyo jua letu linachelewa kuliko la Dar kwa karibu dakika 40. Siku nyingi za mwaka, saa kumi na mbili na nusu asubuhi bado jua halijatoka. Saa kumi na moja ni usiku mtupu. Nilikuwa nakimbia gizani, peke yangu, mwanamke, huku masikio yakisikiliza mbwa na bodaboda. Hata goti lisingeuma, ningeacha. Ila jua lile linalochelewa asubuhi linatulipa jioni: saa moja kasoro robo bado naona njia vizuri. Nguvu nilizokuwa nazitafuta alfajiri nilikuja kuzikuta jioni, kwenye mwanga.

Aliyenifungua macho ni mama mkwe. Ni mtu wa Ujiji tangu kuzaliwa, na kusuka kwake ni kama kupumua. Siku moja nilimwona anapita uchochoroni kwenda kumjulia hali jirani mgonjwa. Vipande vya ukindu uliochanwa amevibana kwapani, ukili umening'inia mbele yake, vidole vinakunja, vinapitisha, vinakaza, na wala hakuviangalia. Aliamkiwa akaitikia, akamkemea mtoto aliyekuwa anachezea maji ya mtaroni, akaendelea na safari. Aliporudi ukili ulikuwa umeongezeka.

Nikamuuliza, "Mama, wewe unasuka saa ngapi hasa?"

Akashangaa swali. "Saa ya kusuka? Mimi nakwenda kwa mgonjwa, mikono haina kazi. Niiache hivihivi?"

Nililifikiria jibu lile usiku kucha. Mimi nilikuwa natafuta saa mpya katika siku ambayo haina saa mpya. Yeye alikuwa na safari, akaipa mikono kazi. Nami nilikuwa na safari mbili kila siku, ya kwenda na ya kurudi, zote nimezikabidhi kwa daladala.

Kesho yake asubuhi nilishuka kituo kimoja kabla ya kufika. Basi. Hakikuwa kitu cha kumsimulia mtu, dakika saba tu za kutembea. Baada ya wiki tatu nikashuka vituo viwili kabla. Sasa nashukia kituo cha Mwanga, juu ya mlima. Kutoka Mwanga hadi kazini ni mteremko, dakika kama 20. Jioni naurudia mlima uleule kwa miguu, dakika 30, ndipo napanda gari la Ujiji. Mlima ule si wa mchezo. Mwezi wa kwanza nilikuwa nasimama njiani mara mbili, nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Hesabu yake naipenda kwa sababu mimi ni mtu wa hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika 30 za mlima mara siku tano ni 150 kamili, kabla sijahesabu mteremko wa asubuhi. Na kuna badiliko moja kwenye mwongozo huo ambalo lingenisaidia sana kama ningelijua mapema: ule wa mwaka 2010 ulitaka mazoezi yafike angalau dakika 10 mfululizo ndipo yahesabiwe, na huu mpya umeliondoa sharti hilo. Dakika zangu saba za mwanzo zilikuwa na haki yake. Kujua kama mwendo ni wa wastani hakuhitaji saa ya mkononi. Ukiwa unatembea uweze kuongea na mwenzako, lakini ukijaribu kuimba pumzi ikatike. Mimi mlimani siimbi.

Mwongozo huo unataka pia misuli ifanyishwe kazi siku mbili au zaidi kwa wiki. Hapa sina mengi. Jumanne na Ijumaa, chungu kikiwa jikoni, nakaa na kusimama kwenye kigoda mara kumi bila kushika kitu, nasukuma ukuta kwa mikono mara kumi, napumzika, narudia. Maji nayabeba kwenye madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, badala ya kuinamia upande mmoja na ndoo ya lita 20. Mgongo umelijua badiliko hilo kuliko dawa ya kuchua.

Sasa ukili. Nilimwomba mama mkwe anifundishe, na jambo la kwanza alilonipa lilikuwa kipimo. Alinishika mkono, akauweka ukili kwenye kiwiko changu, akauvuta mpaka ncha ya kidole cha kati. "Huu ndio mkono. Mikono minne ni pima moja." Kipimo nimezaliwa nacho, sihitaji rula. Nikajiwekea mkono mmoja kwa siku. Ukili wangu una upana wa vidole vitatu, na kwa mkeka wa kiasi kile zilitosha pima 24, yaani mikono 96. Nilianza kiangazi, mwezi wa sita. Niliposhona mshono wa mwisho mvua zilikuwa zimeshaanza.

Mikono ya mwanzo ilikuwa mibaya. Nilikaza hapa, nikalegeza pale, ukili ukawa unapinda kama nyoka. Mama mkwe hakuufumua. Alisema huo utashonwa katikati ya mkeka, watoto wataulalia na hawatalalamika. Nashukuru alisema vile, maana kama angenirudisha mwanzo ningeacha kama nilivyoacha vitambaa.

Mambo madogo niliyojifunza: ukindu mkavu hukatika, kwa hiyo asubuhi naunyunyizia maji na kuufunga kwenye kitambaa chenye unyevu, natia kwenye mkoba. Barabara kuu sisuki nikitembea, bodaboda hazina simile, na macho yangu hayajafikia ya mama mkwe. Nasuka nikiwa nimesimama kituoni au nikipata kiti kwenye gari. Nilianza na ukindu mweupe tu. Wa kuchemsha na rangi, ule wa zambarau na kijani, niliuacha kwa mkeka wa pili, kwa sababu mtu anayejifunza akiwaza rangi na mkono kwa pamoja, vyote viwili vinamshinda.

Si lazima kiwe ukili. Mwenzangu wa ghalani anachora. Anachora Liemba, meli yetu ya ziwani, kwa penseli kwenye kurasa za nyuma za kauntabuku, sehemu moja kila mapumziko ya mchana. Leo bomba la moshi, kesho ngazi. Ndiye aliyenikumbusha kwamba meli yenyewe iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa vipande vipande kwenye masanduku, na kuunganishwa hapahapa Kigoma. Wewe labda unadarizi, labda unaandika mashairi. Ninachokuomba ni uchague kazi inayoingia kwenye mkoba, inayokubali kukatizwa mtoto akilia, na ambayo kila jioni ukiitazama unaona imeongezeka. Hilo la tatu ndilo lililonibeba. Presha haionekani kwa macho, na mazoezi yanachelewa kujionyesha mwilini. Ukili ulionekana. Siku ambazo sikuwa na hamu ya kupanda mlima, nilijua kwamba juu ya mlima kuna kituo, na kituoni kuna mkono wangu wa leo.

Na siku zilizoniponyoka zilikuwepo, tena nyingi. Mwanangu mdogo aliumwa malaria, nikakosa wiki nzima. Mwisho wa mwezi dukani tunafunga hesabu na natoka usiku, hapo sitembei, napanda gari. Zamani kukosa siku mbili kulikuwa ndio mwisho wa safari. Kilichonituliza ni utafiti wa watu wa University College London uliochapishwa mwaka 2010, ukiongozwa na Phillippa Lally. Walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea mazoea mapya. Kwa wastani jambo lilichukua siku 66 kuzoeleka kiasi cha kufanyika bila kujisukuma, lakini makadirio ya mtu na mtu yalianzia siku 18 hadi siku 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu zoea. Kwangu mlima ulizoeleka kama mwezi wa nne tangu nianze. Nilipoacha kuhesabu siku nilizokosa, nikabaki kuhesabu mikono iliyokamilika, na hiyo haipungui.

Nitasema kidogo kuhusu watu, kwa sababu najua kinamama wengi wanaishia hapo. Mwanamke mzima akikimbia barabarani ataulizwa anakimbizwa na nani. Mwanamke mzima akitembea kwa haraka na mkoba begani hakuna anayegeuka. Natembea na dera langu na mtandio wangu, viatu tu ndivyo vya raba. Wachache waliniuliza kama nauli imenishinda. Nikawaambia ukweli, kwamba ni presha, na wawili kati yao sasa tunapanda mlima pamoja. Kama una presha, sukari, au kifua kinabana ukitembea, anza kwa kwenda kupima na kuuliza, na kama umepewa dawa usiziache kwa sababu umeanza mazoezi. Mimi bado napima kila mwezi. Kipimo cha mwisho kilikuwa 132 kwa 84.

Mvua ndiyo inayonisumbua sasa. Huku inapiga tangu mwezi wa kumi au wa kumi na moja mpaka wa nne au wa tano, na udongo wetu mwekundu ukilowa unavuta kiatu. Nimejiwekea utaratibu huu: ikinyesha saa ya kutoka, sisubiri ikatike nikiwa nimekaa. Natembea ndani ya ghala, kati ya magunia, kwenda na kurudi, dakika 15. Mwenzangu wa penseli amenipisha njia. Mvua ikikatika napanda mlima kwa dakika zilizobaki, isipokatika napanda gari.

Mkeka wa pili ni wa mama mkwe, na una zambarau. Umefika pima tisa na mikono miwili. Juzi binti yangu wa miaka saba aliuchukua ukili, akauweka kwenye kiwiko chake, akauvuta mpaka ncha ya kidole. Akaniambia wake ni mfupi kuliko wangu, kwa hiyo yeye atamaliza upesi. Nimemchania ukindu wake.