Sindano, kufunga mirija au kutoa kabisa? Yaliyonipata na paka wangu Langoni, Lamu

Waaleikum salaam, dada wa Shela. Umesema una paka wawili, jike wa miezi mitano na shume (paka dume) wa mwaka mmoja. Mumeo ataka jike apigwe sindano ya kuzuia mimba, mamako asema afungwe mirija tu "asitiwe ila", yaani kasoro, nawe waogopa kisu. Mimi sindano nimeipitia, kisu nimekipitia, kwa hivyo niwie radhi nikirefusha.

Naanza na sindano maana ndiyo iliyonichoma. Paka wangu wa kwanza, Mwezi, alipozaa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, jirani alinielekeza kwa muuza dawa. Ile ile wapigwayo kina mama, akaniambia, hapana kupasua wala kulaza. Na kweli Mwezi alitulia. Baada ya sindano ya tatu nikamwona anakunywa maji kama aliyekula ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, vichwa vya samaki havitaki, na tumbo linavimba. Mke wangu akasema ni mimba. Kumbe mji wa mimba ulikuwa umejaa usaha. Daktari wa mifugo alimpasua siku ile ile, na kilichotoka kilikuwa kinene kama ndizi mbili. Alinieleza kuwa homoni ya sindano ile huudanganya mwili ukadhani una mimba muda wote: ukuta wa mji wa mimba hunenepa, kinga ya pale hupungua, na bakteria wakiingia hawatoki. Vidonge vya aina hiyo ni hivyo hivyo, na vyote huweza kuleta kisukari na uvimbe wa matiti. Mwezi alipona, alhamdulillahi, lakini nililipa mara kadhaa ya zile pesa nilizokuwa nazikimbia.

Hoja ya mamako naiheshimu. Nilimuuliza ustadh wetu baada ya laasiri, akaniambia wanazuoni wamekhitilafiana: vitabu vya Shafii ni vikali kuhusu kuhasi mnyama asiyeliwa, Wahanafi waruhusu pakiwa na manufaa, na wapo wa zama zetu walioruhusu paka wakizidi, maadamu mnyama hapati madhara. Sina elimu ya kuongeza hapo. Ninachojua ni cha tumboni mwa paka. Ukifunga mirija, ovari (vifuko vya mayai) zabaki, na kila kitu kinachotoka kwenye ovari chabaki nazo. Ataendelea kulia usiku kucha, kujibingirisha, na mashume kupigana juu ya dari lako. Paka si kama ng'ombe, yai lake kwa kawaida halishuki mpaka apandwe. Asipopandwa, hurudia baada ya wiki mbili tatu. Akipandwa bila kushika, mwili hukaa kama wenye mimba kwa mwezi na zaidi, na hatari ya usaha ule ule ipo. Isitoshe, paka hufuata urefu wa mchana. Ulaya siku zikiwa fupi hupumzika. Sisi hapa Lamu, karibu na ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima, kwa hivyo mapumziko hayo hayapo.

Ndiyo maana Kibibi, jike wangu wa pili, nilimpeleka atolewe kabisa akiwa na miezi mitano. Daktari wangu hutoa ovari pamoja na mji wa mimba. Wapo watoao ovari peke yake, na kwa paka mdogo mzima hiyo pia yatosha, kwa sababu bila ovari hapana homoni ya kuuchokoza mji wa mimba. Usibishane na daktari wako hapo, mwache atumie njia aliyoizoea mkono wake. Ubishi uweke kwenye umri: jike akitolewa ovari kabla ya miezi sita, hatari ya saratani ya matiti hupungua kwa takriban asilimia 90. Tena kwa umri huo aweza kushika mimba wakati wowote, na mimba yenyewe ni miezi miwili tu.

Mara ya kwanza tulirudishwa. Daktari alisema asile usiku wa kuamkia, nikamfungia chumbani, na mjukuu akampitishia kichwa cha changu chini ya mlango. Paka aliyekula akilazwa aweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni, kwa hivyo ikawa tungoje siku nyingine. Baada ya kupasuliwa alilala kutwa, akala jioni, na kesho yake akataka kupanda ngazi. Wiki mbili usimtoe nje. Asirambe nyuzi: mimi nilimvisha mkono wa fulana ya mtoto uliotobolewa matundu manne ya miguu. Panadol usimpe hata kipande, yaua paka. Dettol vilevile, usimpake. Kidonda kikitoa harufu, mrudishe kwa daktari.

Shume ni kazi ya dakika chache, hutolewa kende na mara nyingi hata uzi hashonwi. Atapunguza kukojolea milango na kupigana, na majeraha ya kuumana ndiyo hueneza ule ugonjwa wa kinga uitwao UKIMWI wa paka (kwa binadamu hauambukizi). Ila mbegu zilizobaki njiani hudumu wiki kadhaa, kwa hivyo usimwache mara moja na jike ambaye hajatolewa ovari. Pia aweza kunenepa, mpunguzie chakula.

Ikiwa pesa ni za mmoja tu, mpeleke jike. Shume wako akihasiwa, wa jirani yupo, na wa msikitini yupo.

Ukivuka naye kwa boti kuja mjini, mtie kwenye tenga la kuku, ufunge kifuniko kwa kamba kisha ufunike leso. Mimi nilimpakata. Alichupa pale gatini, na mpaka adhuhuri nilikuwa nachungulia chini ya mbao za mashua za watu, nikimwita kwa jina huku mabaharia wanacheka.