Barua kwa mwanangu: shamba la bibi haliuzwi, na kazi za katani ndizo utume

Chumbageni, Tanga
Agosti

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sote wazima, alhamdulillah. Baba yako mguu umepungua uvimbe, jana alitoka mwenyewe hadi barazani kusoma gazeti. Anakusalimu sana.

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikausoma tena baada ya sala ya alfajiri. Umesema umechoka kupanga kadi za harusi na kalenda pale kiwandani kwenu, unataka kuomba uzamili wa sanaa nje ya nchi, ule wa kushinda karakanani ukitengeneza kazi, si wa kuandika historia ya sanaa. Umeniuliza mawili: kazi zipi upeleke, na kama tuuze shamba la minazi la bibi yako kule Pangani upate ada. Naanza na la pili, maana ndilo lililoninyima usingizi.

Shamba haliuzwi. Usidhani nakuonea choyo, tazama hesabu. Chuo cha Marekani hakikupi ile fomu ya I-20 ya kuombea viza ya mwanafunzi mpaka uwaonyeshe fedha za mwaka wa kwanza, ada pamoja na maisha. Shahada yenyewe ni ya miaka miwili, kwingine mitatu. Shamba letu, hata tukipata mnunuzi mwenye roho nzuri, halimalizi mwaka mmoja wa chuo cha gharama. Na viza ile hairuhusu kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, tena kazi ya humohumo chuoni. Utakuwa umekwama ugenini, na huku nyuma bibi hana nazi ya kuangusha.

Wapo wanaosoma shahada hii bila kulipa ada. Vyuo kadhaa vya Marekani, hasa vya umma, humsamehe mwanafunzi ada na kumpa posho, naye husaidia kufundisha kuchora wale wa shahada ya kwanza au kusimamia karakana. Vingine, na baadhi vina majina makubwa sana, vitakukubali kwa furaha kisha vitakuachia deni. Kwa hiyo kabla hujaangalia jina la chuo, angalia wanafunzi wao wanalipiwaje. Ukurasa wao usipoeleza, waandikie uwaulize moja kwa moja: wangapi kati ya mliowachukua mwaka huu wanasoma bila ada? Hilo si swali la aibu. Vyuo vingi vya kule vimekubaliana kwamba aliyepewa ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili, basi ukipata majibu mawili utakuwa na nafasi ya kuyapima. Kuomba kwenyewe kuna ada kwa kila chuo, usitawanye. Chagua vinne au vitano, na kila kimoja kiulize kama kina msamaha wa ada ya maombi.

Uingereza mambo ni tofauti kidogo. Shahada nyingi za uzamili kule ni za mwaka mmoja, na ufadhili wa Chevening hulipia mwaka huo mmoja. Wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na hizo kadi za harusi zinahesabika, usizidharau. Ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. Dirisha lao hufunguliwa miezi hii, ndiyo maana nakuandikia leo na sikungoja Ijumaa. Fulbright, ufadhili wa Marekani, nayo huombwa hapahapa nchini kupitia ubalozi wa Marekani. Na usisahau karibu: Makerere wana uzamili wa sanaa, Kumasi kule Ghana wanao, na Cape Town pia kwenye shule yao ya Michaelis. Mchoraji wetu Sam Ntiro alianzia Makerere ndipo akaenda Slade, chuo cha sanaa cha London, miaka ya hamsini, na akiwa mbali vile aliendelea kuchora migomba na watu wa kwao Uchagani. Jumba la makumbusho la Museum of Modern Art la New York lina kazi yake ya mwaka 1956, wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Nilikuwa nawasimulia wanafunzi wangu habari hiyo kila mwaka, na kila mwaka kulikuwa na mmoja anayeuliza, kumbe hata pombe ya ndizi huchorwa?

Sasa la kazi zipi.

Kuna jambo sijapata kukueleza. Mwaka 1994, kabla hujazaliwa, niliomba chuo kimoja cha ng'ambo. Enzi hizo ulitakiwa kupeleka slaidi, ishirini hivi, umezipanga katika karatasi ya nailoni yenye vifuko, unazituma kwa rejesta. Nilimpa kazi zangu fundi picha mmoja wa mjini, akazipiga ndani kwa flashi. Mimi nilikuwa natumia rangi ya mafuta inayong'aa, kila slaidi ikatoka na doa jeupe katikati. Niliona zimeharibika. Nikazituma vilevile, fedha ya kurudia sikuwa nayo na siku zilikuwa zimekwisha. Wakanijibu kwa mistari minne.

Kwa muda mrefu nilimlaumu yule fundi. Lakini mwanangu, doa halikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa ni kwamba nilichagua jahazi, jua linalozama Raskazone, mwanamke na mtungi. Nilichagua nilichodhani wao wanataka kukiona kutoka kwetu. Zile nilizokuwa nachora usiku watu wamelala, za akina mama wanaoanika singa, nyuzi za mkonge, kwenye nyaya kule shambani Amboni, niliziacha chini ya kitanda. Ndizo nilizokuwa nazihangaikia, nikaona si za kuonyesha watu.

Wewe unataka kutuma milango ya Zanzibar na twiga kwa sababu imenunuliwa na watalii na imenyooka. Imenyooka kweli, mkono wako umetulia kuliko wangu ulivyowahi kuwa. Ila wanaokaa kuchagua hawatafuti mtu aliyekwisha kujua. Wanampa mtu chumba na miaka miwili, na wanataka kujua atakifanyia nini. Mlango wa Zanzibar umeshaumaliza, hauna swali tena. Ile kazi ya singa uliyoitandika sakafuni Idi iliyopita, yenye vyumba 30, bado inakusumbua. Niliona ulivyokuwa ukiizunguka na kikombe cha chai mkononi mpaka chai ikapoa.

Babu yako alikuja huku akiwa manamba, akitokea Kigoma. Kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, kilikuwa cha siku 30, na siku ambayo hakumaliza mzigo haikuhesabiwa, hata kama alishinda juani. Wewe umeshona vyumba 30 kwa singa, na saba umeviacha wazi. Baba yako alipoviona vile saba aliondoka akaenda uani, hakurudi mpaka magharibi. Sijawahi kumwona akifanya hivyo mbele ya picha ya twiga.

Tuma hiyo. Tuma na zile ndogo za mabaki ya korona, ile mashine ya kutoa singa, hata ile inayonuka. Vyuo vingi huomba kazi kati ya 10 na 20, na usijaze nafasi kwa kuwa ipo. Unajua wewe, jani la mkonge likipita kwenye korona, katika kilo mia unapata kilo nne hivi za singa, zilizobaki ni maji na makapi. Kazi zako zitoe kwa kipimo hichohicho. Ukiwa na 12 zinazoshikana, ya kumi na tatu ni ya kuiharibu ya kumi na mbili. Anza na kazi yenye nguvu, maliza na yenye nguvu, na ile kubwa ipige mara mbili: nzima, kisha karibu, waone uzi umeingiaje. Siku hizi vyuo vingi vya Marekani hupokea kupitia SlideRoom, tovuti ya kupandishia picha za kazi, na kila picha huandikiwa jina, mwaka, vifaa na vipimo. Kwenye vifaa usiandike tu katani. Andika singa za mkonge, gunia kuukuu, uzi wa kushonea nyavu, udongo wa Amboni.

Maelezo ya msanii yaandike kwa Kiswahili kwanza. Ukianza kwa Kiingereza utajikuta unaandika maneno makubwa ya watu wengine. Ile sentensi ya "tangu utotoni nilipenda kuchora" ifute, kila mwombaji anayo. Anza na kitu kilichoko mkononi. Kwa mfano: mkonge si wa kwetu kwa asili. Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza vitoto 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, vikafika 62 vikiwa hai, na kutoka kwa hivyo likatoka pori lote hili lililomleta babu yako. Msomaji aliyeko Marekani akikutana na hilo atajua kwamba mmea ulisafiri kutoka upande wake kuja kwetu, na wewe sasa unaurudisha ukiwa umeshonwa. Kisha eleza unachojaribu na kinachokushinda. Ukurasa mmoja unatosha.

Watakulinganisha na wengine, jiandae. Watamtaja El Anatsui, Mghana aliyefundisha miaka mingi Nsukka kule Nigeria, kwa zile nguo zake kubwa za vifuniko vya chupa. Watamtaja Magdalena Abakanowicz wa Poland. Yeye miaka ya sitini alifuma maumbo makubwa kupita mtu kwa katani aliyoifumua kutoka kamba kuukuu za meli. Zitafute picha za kazi zake uzikalie siku nzima. Mimi nilipoziona mara ya kwanza nilishtuka, nikawaza huenda katani ile ilipakiwa hapa bandarini kwetu. Kwake ilifika ikiwa kamba. Wewe umekua na watu walioikata. Hapo ndipo njia zenu zinapoachana, na uweze kulisema hilo kwa maneno yako, maana wakikuita kwenye mahojiano, mara nyingi Februari au Machi kwa njia ya video, hilo ndilo watakalouliza. Siku hiyo usiwe kwenye chumba chako ambako mtandao unakatika, nenda kwa shangazi yako.

Barua za mapendekezo kwa kawaida ni tatu. Waombe walimu wako sasa hivi, usingoje Novemba, unawajua walivyo na shughuli. Muombe anayekumbuka kazi zako, hata kama si profesa. Mkubwa asiyekukumbuka ataandika barua inayomfaa mtu yeyote. Mpelekee picha tano na maelezo yako, na tarehe ya mwisho iandike kwa herufi kubwa. Wao wenyewe ndio wataituma chuoni, wewe huioni. Transkripti ifuatilie mapema pia. Mtihani wa Kiingereza, IELTS au TOEFL, matokeo yake hudumu miaka miwili, kwa hiyo ukifanya mwaka huu na mambo yasipokaa sawa, mwakani bado unayo. Tarehe za mwisho za vyuo vingi vya Marekani ni Desemba na Januari.

Na yasipokaa sawa mwaka huu, mwanangu, utaomba tena. Wengi huingia kwa jaribio la pili au la tatu. Mimi sikuomba tena, na hilo linaniuma zaidi kuliko ile barua ya mistari minne. Nilirudi darasani, nikafundisha miaka 27, namshukuru Mungu kwa kila mtoto aliyepita mikononi mwangu. Lakini ningeomba tena.

Picha tupigie hapa nyumbani. Nimemwambia fundi apake chokaa ule ukuta wa uani unaoelekea magharibi, una kivuli sawasawa mpaka saa tano asubuhi, hakuna jua la moja kwa moja wala haja ya flashi. Yule kijana wa jirani ana kamera nzuri na stendi. Baba yako amejitolea kushika kamba ya juu ili kazi kubwa ining'inie bila kupinda, nimemwambia akae kwenye kiti, amekataa. Njoo na basi la kwanza Alhamisi, upumzike mchana, Ijumaa alfajiri tuanze. Ile ya vyumba 30 iviringishe kwenye bomba la plastiki, usiikunje, singa ikivunjika hairudi. Na usivijaze vile vyumba saba kabla ya kuja.

Nimetoa za kwangu chini ya kitanda pia, uzione.

Mama yako