Baiskeli ya bei nafuu kwa safari ndefu: anza na mwili wako

Mtu anayetafuta baiskeli yake ya kwanza ya barabarani, ile yenye usukani uliopinda chini, huuliza kwanza ina kilo ngapi. Nakuomba swali hilo uliweke mwisho. Mpandaji wa kilo 75 juu ya baiskeli ya kilo 10 ni mzigo wa kilo 85. Ukiongeza fedha nyingi upate ya kilo 8, umepunguza asilimia 2.4 tu ya mzigo huo, nafuu utakayoihisi mlimani na kuisahau kwenye tambarare. Lakini viganja vikifa ganzi kilomita ya 60, au shingo ikikataa kugeuka kilomita ya 100, safari imekwisha hata kama miguu bado ina nguvu. Ndiyo maana nasema bajeti ndogo inatosha kabisa kwa safari ndefu, mradi uitumie pale mwili wako unapokutana na baiskeli na pale baiskeli inapokutana na barabara.

Tuanze na fremu, kwa kuwa ndiyo pekee usiyoweza kuibadilisha baadaye bila kununua baiskeli nyingine. Namba ya saizi iliyobandikwa, 54 au 56, haitoshi. Ya 54 ya kiwanda kimoja inaweza kumkaa mtu vizuri na ya 54 ya kiwanda kingine ikamnyoosha kupita kiasi. Tafuta vipimo viwili kwenye jedwali la mtengenezaji. Cha kwanza huitwa staki: kimo kutoka katikati ya ekseli ya fremu inayozungusha mikono ya pedeli hadi ukingo wa juu wa bomba la mbele linaloshika usukani. Cha pili ni richi: umbali wa mlalo kati ya sehemu hizohizo mbili. Baiskeli za mashindano zina staki fupi na richi ndefu, ili mpandaji ainame akwepe upepo. Zile za mwendo mrefu huinua usukani, mara nyingi kwa sentimita 2 hadi 3 kwa mtu wa kimo kilekile, na kuusogeza karibu kidogo. Sentimita hizo chache huonekana si kitu ukiwa dukani. Baada ya saa nne barabarani ndizo zitakazoamua kama uzito wa kiwiliwili umebebwa na makalio au umeangukia viganja.

Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua ndogo kama mikono yako ni mifupi, ila hakikisha usukani bado unaweza kuinuliwa. Hapa wengi hujikwaa kwenye baiskeli za mitumba. Shina la uma wa mbele (uma ndio unaoshika gurudumu), linaloingia ndani ya bomba la fremu, hukatwa kulingana na mwenye baiskeli wa kwanza. Likishakatwa fupi halirefuki tena. Tazama kama chini ya stemu, yaani kile kishikizo cha usukani, kuna pete za kuinulia. Zikiwepo za sentimita 2 au 3 una nafasi ya kurekebisha. Zisipokuwepo, na usukani uko chini sana ya kiti, iache hata kama bei inavutia.

Baada ya fremu, tairi. Kwa miaka mingi waendesha baiskeli waliamini kwamba tairi nyembamba iliyojazwa upepo hadi ikawa ngumu kama jiwe ndiyo yenye kasi. Kwenye lami laini ya uwanja kuna ukweli. Kwenye barabara halisi, yenye viraka na kokoto, tairi ngumu hurukaruka, na kila mruko hula nguvu yako na kutikisa mifupa. Tairi ya milimita 32 huhitaji upepo mdogo zaidi kuliko ya 25. Kwa mpandaji wa kilo 75 tofauti inaweza kuwa kati ya PSI (kipimo cha shinikizo la upepo) 60 hivi na karibu 90. Hakuna badiliko lingine la bei kama ya tairi litakalokupa faraja kiasi hicho, wala haidhuru kasi yako kwa namna utakayoihisi.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, uliza fremu na uma vinapokea tairi ya upana gani. Baiskeli nyingi za zamani zenye breki za kubana ringi huishia milimita 25 au 28. Zenye breki za diski kwa kawaida hupokea 32 na zaidi. Kwangu hii ndiyo sababu kubwa ya kupendelea diski kwenye bajeti ndogo, kuliko hata nguvu ya kusimama. Diski za waya zinatosha. Za mafuta ni laini zaidi kwa vidole kwenye miteremko mirefu, ila usizinunue kwa kupunguza fedha ya tairi.

Gia nazo zimewaumiza magoti wageni wengi kwa sababu ya majivuno ya bure. Baiskeli ya mashindano ya zamani ilikuja na sproketi ndogo ya mbele yenye meno 39, na kubwa ya nyuma yenye 25. Kwa gia hiyo nyepesi kuliko zote, mzunguko mmoja wa pedeli hukusogeza kama mita 3.3. Ukiwa na meno 34 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja ni kama mita 2.1. Mlima ni uleule, lakini sasa unaupanda umeketi, ukizungusha taratibu, badala ya kusimama na kuusukuma kwa goti. Daraja la bei ya vifaa halina uzito kama huo. Kati ya madaraja ya kampuni ya Shimano, Claris ina gia 8 nyuma, Sora 9, Tiagra 10, na zote tatu hubadilisha kwa uhakika zikirekebishwa vizuri. Kasoro ya daraja la chini ni pengo kubwa kidogo kati ya gia na gia. Unachopata ni cheni na sproketi za bei nafuu wakati wa kubadilisha, na utabadilisha, ukisafiri sana.

Fremu ya alumini yenye uma wa kaboni ni chaguo la busara kwa fedha kidogo. Ya chuma ni nzito zaidi na hudumu. Kaboni ya mtumba siishauri kwa mgeni, kwa kuwa ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi. Angalia pia matundu ya skrubu kwa ajili ya matopeo (vikinga tope) na keria, na spoku: gurudumu la spoku 28 au 32 likivunjika moja mara nyingi litakufikisha nyumbani, la spoku 20 huyumba mpaka likagusa breki au fremu.

Usiione aibu baiskeli yenye matopeo, taa na mkoba wa mbele. Katika Paris–Brest–Paris, safari ndefu ya baiskeli huko Ufaransa iliyoanza mwaka 1891 na ambayo leo hufanyika kila baada ya miaka minne, wapandaji husafiri kilomita 1,200 ndani ya muda usiozidi saa 90, na ndivyo baiskeli za wengi wao zilivyo.

Kiti kinahitaji uvumilivu. Kile kinene chenye sponji nyingi hupendeza kwa dakika kumi, kisha sponji huzama na kubana nyama laini katikati. Unachotafuta ni upana unaobeba mifupa miwili ya makalio. Vaa kaptura yenye pedi, bila nguo ya ndani chini yake, kwani mshono ndio unaochubua.

Kama ni mtumba, ikague kwa mikono. Pima cheni kwa rula: kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25 iwe sentimita 30.48. Ikifika 30.7 imekwisha, na huenda imekula sproketi pia, basi punguziwa bei. Shika mkono wa pedeli uutikise kulia na kushoto. Ukicheza, beringi zimechoka. Inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole. Ukinasa katikati, beringi za juu zimeumia. Legeza nguzo ya kiti uone kama inasogea, maana iliyogandia ndani ya fremu kwa kutu ni kazi ngumu kuing'oa.

Ukishaileta nyumbani, panga kimo cha kiti. Weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo, goti litakunja kidogo. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi husema kiti kiko chini, ya nyuma husema kiko juu. Funga mkanda wa rangi kwenye nguzo kuonyesha ulipoanzia, sogeza milimita 3 kwa mara moja, na usiguse kitu kingine mpaka umesafiri nayo mara kadhaa.