Adapta ya mizani inatokea na kupotea: tulaumu Linux, adapta feki au mashine ya jirani?

SWALI: Fundi, salamu. Mimi ni karani katika duka la nafaka hapa Nyamakima, Nairobi. Mizani yetu hutuma kilo kwenye kompyuta ya mauzo kupitia waya wa pini tisa na adapta ya USB tuliyonunua barabara ya Luthuli. Wakati wa Windows haikuwa na shida. Tangu tuwekewe Ubuntu 22.04, ambayo ni Linux, nikiichomeka, ttyUSB0 (jina ambalo Linux huipa poti ya adapta) inatokea na kupotea papo hapo. Nilileta laptop ya kaka yangu yenye Debian, Linux ya aina nyingine. Hapo inakaa, ila jirani akiwasha mashine ya kusaga inakatika, na programu inadai haioni ttyUSB0 hata adapta ikirudi. Draiva ya kwenye CD nayo imekataa, "make", amri ya kuiunda, inamwaga makosa tu. Nimekutumia dmesg, yaani kumbukumbu za kerneli, za mashine zote mbili. Bosi anauliza: arudishe Windows au anunue adapta nyingine?

JIBU: Mwambie bosi asubiri kidogo. Hapo kuna hitilafu mbili zisizohusiana, na kerneli, yaani kiini cha Linux, imezitenganisha vizuri katika hizo dmesg ulizonitumia.

Kwenye kompyuta ya duka kuna mistari hii mitatu, imefuatana:

ch341-uart converter now attached to ttyUSB0
usbfs: interface 0 claimed by ch341 while 'brltty' sets config #1
ch341-uart converter now disconnected from ttyUSB0

Mstari wa kwanza unaiondolea draiva lawama. Chipu ya adapta, CH340, imetambuliwa, draiva yake iitwayo ch341 imeishika, poti imefunguka. Kwa hiyo achana na ile CD. Draiva hiyo imekuwa ndani ya kerneli kwa zaidi ya miaka kumi, na ile ya kwenye CD iliandikiwa kerneli za zamani, ndiyo maana make inalalamika. Hata ingekubali, ungepata kitu ulicho nacho tayari.

Mnyang'anyi yuko mstari wa pili: brltty. Hii ni programu inayoendesha vifaa vya maandishi ya nukta nundu kwa watu wasioona, na Ubuntu huja nayo. Kuna kifaa cha nukta nundu kinachotumia chipu ileile ya CH340 na namba ileile, 1a86:7523, utakayoiona ukiandika lsusb. Ubuntu 22.04 ikiona namba hiyo, inaipa brltty kifaa, na mizani yako inabaki bila njia. Kama hakuna anayetumia kifaa cha nukta nundu kwenye kompyuta hiyo, itoe:

sudo apt remove brltty

Chomoa adapta, chomeka tena, basi. Kama yupo anayekitumia, tafadhali usiitoe. Nakili faili /usr/lib/udev/rules.d/85-brltty.rules kwenye /etc/udev/rules.d kwa jina lilelile, weka alama ya # mwanzo wa mstari wenye 1a86/7523, kisha andika sudo udevadm control --reload-rules. Kompyuta ya kazi haipaswi kumfungia mlango mtu asiyeona kwa sababu ya mizani.

Poti ikishakaa, huenda ukakutana na "Permission denied". Hilo ni dogo, jiongeze kwenye kundi la dialout linaloruhusiwa kutumia poti hizo: sudo usermod -aG dialout pamoja na jina lako la kuingilia, halafu toka na uingie upya.

Sasa laptop ya kaka yako, ambayo ndiyo iliyonivutia zaidi. Kila inapokatika, kerneli imeandika hivi:

usb usb1-port3: disabled by hub (EMI?), re-enabling...

EMI ni vurugu za sumaku-umeme, na hiyo alama ya kuuliza ni ya kerneli yenyewe. Inakisia kwamba vurugu za umeme zimeifunga poti, na kwa maelezo yako kuhusu jirani, naona imekisia vyema. Mota kubwa ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Kelele yake hupita kwenye nyaya za stima, kwenye waya wa ardhi, na hata hewani hadi kwenye waya wa USB ulio karibu. Hapa hakuna mfumo wa kompyuta utakaokuokoa. Ukirudisha Windows leo, jirani akiwasha mashine utakatika vilevile.

Fanya jaribio moja. Chomoa chaja, laptop itumie betri, kisha msubiri jirani awashe mashine. Adapta ikitulia, kelele inaelekea kuingia kupitia chaja na waya wa ardhi. Ikiendelea kukatika, tazama nyaya za data. Kwenye ile picha ya kaunta uliyoambatisha naona waya wa USB wa kuongezea umezungushwa nyuma ya mizani, ukapita sambamba na waya wa stima. Huo utoe kabisa. Watu wengi hurefusha upande wa USB kwa sababu nyaya zake zinapatikana kila mahali, wakati ndio upande dhaifu: USB 2.0 haitakiwi kuzidi mita 5, na kwa kaunta yako ningependa isifike hata mita 1. Upande wa siriali, yaani RS-232, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde unavumilia hata mita 15. Kwa hiyo adapta ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta, na urefu uwe kwenye waya wa pini tisa, wenye ngao, mbali na nyaya za stima.

Ikiwa bado inakatika, hapo ndipo pesa ya bosi ina kazi: adapta ya RS-232 iliyotenganishwa kiumeme, ambayo upande wa mizani na upande wa kompyuta havigusani kwa umeme. Ni ghali kuliko ya kawaida, ila kwa duka lililopakana na mashine ya kusaga naona inafaa.

Kuhusu programu kutoiona ttyUSB0 hata adapta ikirudi: programu ilikuwa bado imeishikilia poti ya zamani, hivyo kerneli ikaipa adapta jina jipya, ttyUSB1. Liko kwenye dmesg yako. Usiiandikie programu ttyUSB0. Ipe njia iliyo chini ya /dev/serial/by-path, ambayo hufuata tundu lililochomekwa. Ile ya by-id, inayofuata utambulisho wa adapta yenyewe, inavutia zaidi, lakini kwa kawaida CH340 haina namba yake ya pekee, kwa hiyo siku mkichomeka ya pili ya aina hiyo majina yatagongana. Programu nayo lazima ijue kuifungua poti upya ikikatika. Hilo mwambie aliyeiandika.

Je, ni feki? Sidhani. Zinazosifika kwa kuigwa ni chipu za FTDI na Prolific. Mwaka 2014 draiva ya FTDI ya Windows ilifikia hatua ya kubadilisha namba ya chipu za kuigwa kuwa 0000 zisitambulike tena. Yako ni CH340 na inajieleza hivyo. Ukitaka hakika, chomoa mizani, unganisha pini 2 na 3 za adapta kwa kibanio cha karatasi, andika picocom -b 9600 /dev/ttyUSB0 (picocom ni programu ya kuongea na poti), kisha chapa "mahindi". Yakirudi kwenye skrini, adapta inatuma na kupokea. Ondoa kibanio: yakiacha kurudi, jaribio ni la kweli. Kutoka ni Ctrl-A kisha Ctrl-X. Ukitumia minicom, programu nyingine ya kazi hiyo, badala ya picocom, zima kwanza "Hardware Flow Control", la sivyo huenda isitume hata herufi moja ukadhani adapta imekufa.

Mkiamua kununua nyingine Luthuli, sema wazi kwamba unataka ya RS-232 yenye kichwa cha pini tisa. Kuna vibao vidogo vya USB vyenye pini zilizo wazi, na chipu ndani yake inaweza kuwa hii hii. Hivyo ni vya volti 3.3 au 5, ilhali laini ya RS-232 hupanda na kushuka hadi volti 15 pande zote mbili za sifuri, na kibao hicho kinaweza kuungua mara ya kwanza kukiunganisha na mizani.